Kijaluba Kisicho na Jina

Bi Kidawa aliingia Kituo cha Utulivu cha Muheza ameshika kisu mkononi, mlinzi akaruka kutoka kitini.

"Kaa, baba, kaa," alimwambia. "Hiki ni cha michungwa."

Zena Semhando, fundi wa zamu siku hiyo, alitoka mbio kuja kumpokea kabla mambo hayajaharibika. Ni yeye aliyempigia simu Bi Kidawa na kumwambia aje na kazi yake. Kila mteja alikuja na kazi yake. Mshonaji alikuja na nguo, mwalimu na madaftari ya kusahihisha, na kuna mzee mmoja wa Mkanyageni alikuja na mbuzi kwa sababu yeye kazi yake ni kuchunga, na yule mbuzi akalitafuna pazia la mapokezi likabaki vipande. Ndivyo mtambo wa kusafishia vichwa ulivyotaka. Ukimkalisha mtu bure na kofia kichwani, akili yake inajiweka sawa, inatulia kwa adabu kama mtoto aliyeambiwa kuna mgeni. Lakini mpe kazi ya mikono aliyoizoea, akili inasahau kwamba inatazamwa, na taka zote zinaanza kuelea juu.

Jina la kitaalamu la mtambo ule lilikuwa refu mno, nadhani hata waliolitunga walishalisahau. Watu wa Muheza waliuita Ufagio, na fundi wake wakamwita mfagiaji, na Zena hakuona ubaya.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Wazima hapa?"

"Wazima. Haya, niambie, kinachokusumbua ni nini hasa?"

Bi Kidawa akamnyooshea vidole. Vilikuwa vimefungwa plasta, kimoja baada ya kingine. Yeye alikuwa mbebeshaji wa michungwa, tena si wa kubahatisha. Anachukua jicho la mchungwa mtamu, analichomeka kwenye ganda la mche wa limao, anafunga kwa ukanda, na jicho linashika. Tangu ni msichana alikuwa anafunga macho huku anapiga soga, hata hatazami. Sasa alikuwa anajikata. Alikuwa anafunga jicho kichwa chini. Wateja walikuwa wanarudisha miche imekauka, na ukitaka kumtukana mbebeshaji wa Muheza, mrudishie mche uliokauka.

"Silali," alisema. "Naweka chai jikoni, nakuja kuikuta sufuria imeungua. Daktari anasema presha yangu ikiendelea hivi nimtafute shehe, si yeye. Kichwa kimejaa, mwanangu. Nifagie."

Zena akamvisha kofia, akamwekea miche mbele yake, na Bi Kidawa akaanza kukata. Kwenye meza ya kioo ya Zena mawazo yakaanza kupita kama nyuzi. Wazo linalokwenda mahali na kufika lilikuwa jembamba, linapita na kupotea. Wazo linalozunguka palepale mwaka hadi mwaka lilikuwa limenenepa kwa kupitiwa, na liling'aa. Hayo ndiyo yaliyokuwa taka. Yamebeba nini ndani, Zena hakuweza kuona, maana mtambo haukumpa fundi siri za watu, ulimpa unene tu. Kwa hiyo sheria ilikuwa mwenye kichwa alitaje kila wazo kwa kinywa chake, fundi aandike jina, kisha mwenyewe aseme "nimeachia". Likitoka linatiwa kwenye kijaluba cha bati, kama vile vya ugoro, na kijaluba kinakaa rafuni na jina lake, amana ya mwenyewe. Lisilotajwa haliguswi. Fundi aulize, na aulize tena, mpaka litajwe.

Walianza vizuri. Ukatoka ugomvi wa mpaka na jirani ambaye alishakufa zamani na bado Bi Kidawa alikuwa anamjibu kila asubuhi akioga. Ukatoka wimbo wa tangazo la sabuni. Ikatoka hofu ya paa la nyumba kuanguka. Walipofika kwenye kanga moja ambayo hakuinunua ujanani na shoga yake akainunua, Bi Kidawa akanyanyua mkono.

"Hiyo niachie. Ile hunifurahisha nikiikasirikia."

Zena akacheka, akairuka. Kisha akaufikia uzi mmoja mnene kuliko yote, uliozunguka mpaka ukakaa kama fundo, na nyuzi nyingine zote zilikuwa zinajigonga hapo.

"Na huu, mama?"

Kisu kikasimama. "Hayo mambo ya mtoto tu."

"Mambo gani?"

"Ya mtoto, mwanangu. Ya nyumbani kwangu." Bi Kidawa alikuwa ameinamisha macho kwenye mche.

Sasa jiweke wewe mahali pa Zena. Mama wa umri wa mama yako amekuinamishia macho, amekwambia ni ya nyumbani kwake. Nani aliyelelewa kwetu atamuuliza mara nyingine? Walioandika ile sheria walikuwa watu wa huko kwao, ambako labda watoto huwahoji mama zao kama polisi. Zena naye akainamisha macho, akasema, "Haya, mama," na mahali pa jina hakuandika kitu.

"Nimeachia," alisema Bi Kidawa.

Machozi yakamtoka, akashangaa yanatoka wapi. Akayafuta kwa upindo wa kanga, akashika mche mwingine, akachomeka jicho na kulifunga bila kulitazama. Zena aliona vile vidole vilivyotulia, akafurahi kwa dhati.

*

Basi Bi Kidawa akapona. Hakuna neno jingine la kutumia. Alilala usiku kucha, presha ikashuka, akanenepa mashavu. Miche yake ikaanza tena kugombewa. Zena alipokuwa anapita kwenda kazini alimsikia uani kwake anaimba, na sauti yake ilikuwa mbaya sana, lakini nani atamkataza mtu mwenye raha.

Siku moja bintiye, Siwatu, alimngoja Zena njiani na kikapu cha machungwa. Siwatu ndiye aliyebaki nyumbani na mama yake. Ndiye aliyeungua mikono kwa kuzima zile sufuria, ndiye aliyekaa naye akikesha. Alimpa Zena kikapu, akamshukuru, kisha akabaki amesimama.

"Mama jana amempigia kaka Hemedi," alisema.

"Vizuri."

"Zena, miaka saba mama hajalitaja jina la Hemedi. Mtu akilitaja anatoka chumbani. Jana amewasha simu, picha ya Hemedi ikasimama pale sebuleni na kofia yake ya kazi, huko mashamba ya umeme wa jua Singida, mama akamwambia, 'Baba, mbona kimya? Vya nyumbani huvitaki siku hizi?' Kama vile waliachana juzi. Hemedi alilia mpaka picha ikawa inatikisika."

Zena alikikumbuka kile kijaluba kisicho na jina.

"Walikuwa na nini?" aliuliza.

"Umemtoa nini mama yangu?"

"Sijui. Kweli sijui, Siwatu. Hakukitaja."

"Basi usijue," alisema Siwatu. "Mama anakula. Mama analala. Nakuomba kama ndugu yangu, usitafute."

Zena alimpelekea jambo hilo mkuu wa kituo, ambaye alikuwa mtu mwema na mvivu. Alimuuliza Zena kama mteja amelalamika. Zena akasema hapana. "Sasa wewe unamlalamikia nini?" akasema mkuu, akaendelea na chai yake.

*

Hemedi alikuja na treni ya mchana, na Bi Kidawa akapika pilau kama la harusi. Alimwalika na Zena, maana ndiye daktari wake, alisema, na mtu hupona peke yake akala peke yake?

Hemedi alikuwa mwanaume mkubwa, amebabuka uso kwa jua la Singida, nywele zimeanza kuingia mvi kabla ya wakati. Alivua viatu mlangoni. Alipomwona mama yake anatoka jikoni na upawa mkononi, hakusalimia. Alipiga magoti palepale kizingitini, akashika miguu yake.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimekupa, baba, zote," alisema Bi Kidawa, anacheka. "Inuka, pilau linapoa."

Hemedi hakuinuka. "Kwa yale ya hospitali, mama."

"Hospitali ipi?"

"Bombo. Baba alipofariki."

"Baba yako kafa usingizini, Mungu amrehemu, na manesi walikuwepo." Alimgusa kichwani kwa mkono uliokuwa mtupu. "Umekonda. Huko hawali? Inuka bwana, watu wana njaa."

Hemedi alimtazama Siwatu. Siwatu alitazama sinia. Basi akainuka, wakala, na Bi Kidawa akazungumza kwa wote, anamkatia mwanawe vipande vya nyama na kumrundikia. Zena alimwona Hemedi anatafuna tonge moja muda mrefu mno. Pilau lilikuwa zuri sana, na Zena mwenyewe halikumshuka.

*

Asubuhi yake Hemedi alikuwa mlangoni pa kituo kabla hapajafunguliwa, na Siwatu nyuma yake, amemfuata mbio na kanga moja.

"Kaka, twende nyumbani."

"Nitakwenda. Nataka kumuuliza huyu dada kwanza." Akamgeukia Zena. "Mama yangu amenisamehe kitu asichokijua. Ulimtoa kile, sivyo?"

Zena akawaingiza ndani, akawakalisha. Na hapo Hemedi akaeleza, macho sakafuni. Baba yao, Mzee Ngwali, aliugua sana, na Bi Kidawa alikaa naye wodini mpaka akawa anasinzia amesimama. Hemedi akamwambia mama yake aende kwa shangazi akapumzike, yeye atakaa na mzee, na hali ikibadilika atamwita. Hali ikabadilika. Hemedi hakumwita. Bi Kidawa alirudi asubuhi na uji kwenye chupa, akakuta kitanda kimetandikwa.

"Hakuniuliza kwa nini," Hemedi alisema. "Alisema, 'Radhi yangu huna, mpaka siku utakayonirudishia ile saa.' Mbele ya watu. Nikazika, nikaondoka. Kila nilichokishika kule kimeharibika, Zena. Nimeoa, tumeachana. Sisemi ni hilo. Lakini ukifika usiku siwezi kusema si hilo."

Kwetu mtu anaweza kuishi bila nyumba, bila mke, hata bila jino mbele. Bila radhi ya mzazi anaishi vipi? Analala na deni ambalo hakuna mwingine wa kumlipia. Zena alimwonea huruma mpaka akakosa mahali pa kuweka mikono.

"Kimo humu," alisema. "Kinaweza kurudi. Lakini nisikilizeni. Ufagio hauchukui miaka yote, unachukua fundo. Ile miaka saba, vile alivyokuwa anakilainisha kidogo kidogo, anakulaumu leo, anakuhurumia kesho, hiyo imebaki imetawanyika kichwani, haina tena cha kushika. Kikirudi kinarudi kibichi. Kwake itakuwa kama amekikuta kitanda kimetandikwa leo asubuhi."

"Na presha yake?" Siwatu aliuliza.

"Itapanda. Kiasi gani, sijui."

"Umesikia, kaka?" Sauti ya Siwatu ilikuwa imekauka. "Mimi nimekaa naye. Wewe ulikuwa Singida unahesabu jua. Mimi ndiye niliyemfunga vidole. Sasa amepata usingizi, umekuja kumtoa usingizini ili ulale wewe?"

"Labda ndiyo," alisema Hemedi. "Sitaki kukudanganya. Labda ndiyo hivyo."

Zena aliwatazama wale ndugu wawili, na uchungu wa kila mmoja aliuona ni wa haki. Angeweza kufunga mlango. Mkuu wake angemshukuru, Siwatu angemletea machungwa mpaka uzeeni. Lakini kijaluba hakikuwa cha Siwatu, wala cha Hemedi, wala chake. Kilikuwa cha Bi Kidawa, na Bi Kidawa ndiye peke yake aliyekuwa hajui kama anacho. Na kilitoka bila jina kwa sababu Zena aliona haya kuuliza.

"Nitamwambia," alisema. "Sitamwambia ni nini. Nitamwambia kipo. Achague mwenyewe."

Siwatu akainuka akatoka, hakuaga.

*

Zena na Hemedi walimkuta Bi Kidawa uani kwenye miche yake, chini ya kivuli cha makuti, ukanda wa kufungia macho umening'inia mdomoni. Zena alikaa kwenye mkeka mbele yake. Alieleza yote bila kujipunguzia. Kwamba palikuwa na fundo, kwamba sheria ilimtaka alijue jina lake, kwamba yeye hakuuliza ilivyopasa, kwamba lilihusu mtu wake wa karibu, kwamba likirudi litauma kuliko lilivyouma siku anakuja kituoni. Alimwonyesha kijaluba. Kilikuwa kidogo, kinametameta juani.

Bi Kidawa alitoa ukanda mdomoni.

"Kinamhusu Hemedi," alisema. "Jana alikuwa ananishika miguu kama mtu anayezama. Nikadhani ni njaa ya kukaa mbali." Akamtazama mwanawe, aliyesimama penye ukuta. "Nimekupa radhi na sijui ya nini?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo si radhi. Hiyo ni salamu."

"Mama, acha," alisema Siwatu. Alikuwa amewatangulia kurudi, sasa amepiga magoti kando yake. "Amekuja, mmekula, mnacheka. Kuna shida gani? Kitupwe hicho. Mimi sitaki kukuzika."

Bi Kidawa alimvuta akamlaza kichwa pajani, akampapasa, kama alivyokuwa anafanya Siwatu akiwa mdogo na homa. "Najua umenilea," alimwambia. "Najua, mama yangu. Lakini huyu ni mwanangu, amekuja na mzigo, na mimi nimemwambia uweke chini bila kuutazama. Atauweka wapi? Nivishe kofia, Zena."

"Mama, hakika?"

"Safari hii umeuliza. Vizuri. Ndiyo, hakika."

Zena alitoa kofia ndogo ya safari, akamfunga na kipimo cha presha mkononi. Akachomeka kijaluba. Hakukuwa na mlio wala mwanga. Kazi ile haina mbwembwe. Bi Kidawa aliendelea kukata jicho la mchungwa. Alikata nusu. Kisu kikateleza, damu ikatoka kidoleni, na yeye hakuitazama damu.

Alimtazama Hemedi. Uso wake ulikuwa umebadilika mpaka Zena akatamani kuuficha.

"Nilikuja na uji," alisema Bi Kidawa.

"Ndiyo, mama."

"Ulisema utaniita."

"Nilisema."

"Ulilala?"

"Hapana."

Miaka saba hakuwa ameuliza swali hili, na sasa alikuwa ameliuliza, na Hemedi angeweza kusema ndiyo, nililala, na mambo yakawa mepesi. Zena aliona anavyotamani kusema hivyo.

"Nilikuwa macho," alisema Hemedi. "Nilimwona anabadilika. Pumzi ikawa inakuja, haiji. Niliogopa, mama. Nilitoka nje koridoni, nikakaa kwenye benchi. Sikukuita kwa sababu sikuweza kusimama. Yeye aliniita. Aliita jina langu, nikasikia, sikuingia. Mpaka akanyamaza."

Siwatu aliinua kichwa. Na yeye hakuwa analijua hili. Namba za presha zilikuwa zinapanda mkononi mwa Bi Kidawa, na Zena akashika kile kijaluba.

"Mama, naweza kukitoa tena. Sasa hivi. Sema tu."

"Weka mkono wako chini, mwanangu." Hakugeuka. "Ukikitoa, huyu atamwomba nani?"

Jogoo wa jirani alikuwa anaparua takataka, na hakuna aliyemfukuza. Mwisho Hemedi akaingia ndani, akatoka na bakuli la maji. Kwao radhi haiishii mdomoni. Mzazi hupiga funda la maji, akampulizia mtoto kichwani, na yakishamgusa hakuna tena cha kudaiwa duniani wala akhera. Alipiga magoti, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Bi Kidawa alipokea. Akapiga funda. Mashavu yake yakajaa, na macho yake yakawa juu ya kile kichwa chenye mvi za mapema, na akakaa hivyo. Kisha koo la Bi Kidawa likacheza. Alikuwa ameyameza.

Siwatu alijifunika uso. Hemedi hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalishuka.

"Yameshuka," alisema Bi Kidawa. "Sikutaka yashuke, yameshuka yenyewe. Namsikia baba yako anakuita. Ndiyo hali niliyonayo leo, Hemedi, na sitakudanganya kwa maji." Alimrudishia bakuli. "Umekuja kwa likizo ya siku ngapi?"

"Chache."

"Omba nyingine. Kalale chumba chako. Kesho uniletee tena."

*

Hazikuwa siku nzuri, na sitakupambia. Bi Kidawa alirudi kukesha. Alijikata vidole, sufuria zikaungua, daktari akamgombeza Zena kwa simu mpaka simu ikapata moto. Siwatu alikuwa anapishana na Zena barabarani bila salamu, na kwa watu wa mtaa mmoja hilo ni kama kutukanana. Na mkuu wa kituo akamwondoa Zena kwenye Ufagio, akamweka mapokezi, ambako alikaa kuvishonea kiraka vipande vya lile pazia.

Lakini kila asubuhi akipita alikuwa anaona mambo kwenye ua ule. Hemedi alikuwa anatoka na bakuli, anapiga magoti mbele ya miche. Bi Kidawa anapiga funda, anameza, anamrudishia bakuli. Halafu wanakaa. Siku za mwanzo walikaa kimya. Siku nyingine Zena aliwasikia wanabishana kwa sauti, na jina la Mzee Ngwali linatajwa. Siku moja Hemedi alikuwa analia na mama yake anamwangalia tu. Siku nyingine ni Bi Kidawa aliyekuwa analia, na anamsimulia jinsi mzee alivyokuwa muoga wa radi, mwanaume mzima anajificha chini ya kitanda, na wote wawili wakaanza kucheka humohumo kwenye kilio. Hata hivyo, maji aliyameza.

Mtaani watu walianza kutia chumvi. Wapo waliosema Bi Kidawa anamkomoa mtoto. Wapo waliosema huyo mfagiaji ndiye aliyewaroga. Siwatu aliwasikia siku moja kisimani na akawajibu maneno ambayo siyaandiki hapa, na jioni yake alimpelekea Zena machungwa matatu, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Asubuhi moja ya kiangazi, mbingu nyeupe bila wingu hata la dawa, Zena alichelewa. Alikuwa anakimbia kwenda kazini, anapambana na kiatu chake kilichokatika kamba, alipomwona Hemedi anakuja upande wa pili wa barabara. Alikuwa anatembea polepole, anakwenda kituo cha treni kukata tiketi ya kurudi Singida. Kichwa chake kilikuwa kimelowa. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mvi, yanashuka shingoni, shati limemganda mabegani.

"Kaka Hemedi," Zena alimwita. "Habari za asubuhi?"

"Salama, dada yangu," alisema Hemedi, akaendelea kutembea juani, na hakujifuta.